Nyuma ya Kadi ya Kamiyo

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ku shantie, pale pa kujenga, na nyundo yangu ndani ya mufuko. Nilizani ni ya kupigilia mabati. Injinia Otieno, Mukenya murefu ule mradi ulileta kwa kujenga maternite, nyumba ya kuzalia, pembeni ya Butembo, aliangalia nyundo, akanipeleka ndani ya biro, ofisi yake, akanionesha ukuta wa mbao mutupu.

"Hapa utapiga misumari mia mbili na kumi," akasema. "Mistari saba, kila mstari misumari thelathini. Usikose hata mmoja."

Nilipiga siku nzima. Sikuuliza ya nini, juu wakati ule kazi ilikuwa haba. Kesho yake tukakata kartoni za sabuni tukatosha kadi ndogo, tukazitoboa juu, tukazipaka rangi. Kila mustari ulikuwa kazi moja: musingi, ukuta, mbao, mabati, milango, maji, na mustari wa mwisho ulikuwa wa kamiyo, lile lori letu. Kila musumari ulikuwa siku moja. Kadi ya manjano ni kazi inayongojewa, ya kijani ni kazi imeisha, nyekundu ni kazi imekawia. Njo mwanzo wa kazi yangu. Batu banauliza ulikuwa fundi wa nini, nasema nilikuwa musogeza kadi, banacheka.

Mi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primaire, basi. Ninyi vijana wa leo munafanya formation, munapata karatasi yenye kashe, ule muhuri, munaongea Kingereza cha mipango ku telefone. Mi maneno yale niliyapata asubuhi ku chai, Injinia akiwa na kikombe mu mukono moja na kadi mu mukono ingine. Dedilaini, alisema, ni siku ambayo ikipita hakuna samahani. Mailstoni haiko kazi, ni siku ya kuonesha kazi: ukuta umefika juu ya madirisha, wenye mradi banakuja kuangalia. Dipendensi ni kazi inayongojea kazi ingine: mabati hayapande mbele ya mbao, mbao hazitoke Mbau, kule zinapasuliwa, mbele ya kamiyo kwenda. Na floti ni zile siku kazi moja inaweza kukawia bila kukawisha mwisho wa yote. Ile ya floti njo ilinipendeza. Niliona kama ni huruma imeandikwa ndani ya kazi.

Bafundi balimuchokoza sana Injinia.

"Injinia, unaongea kama redio."

"Na ninyi mnaongea kama mnagombana."

"Hapana, Injinia. Tukigombana utajua, hautasikia kitu."

Sasa niwaambie kitu ambacho hakiko mu masomo yenu. Ilikuwa wakati wa vita. Beni na Butembo zilikuwa mukononi mwa baasi, basoda balikuwa ku kila bariere, kizuizi cha barabara, na magari ya batu bengi yalisimama. Kamiyo yetu ilikuwa na drapeau, bendera ya mradi, basoda balikuwa banaiacha ipite. Ilikuwa inaenda mara moja kwa juma, siku ya tano, Ijumaa, mpaka Mbau kule kwa bapasua-mbao, inarudi siku ileile. Donc kila mutu wa shantie mwenye ndugu kule alitaka ile kamiyo. Kuomba kwa sauti haikuruhusiwa, juu sheria ya mradi ilikataa abiria. Batu bakaanza kuandika na kreyo, penseli, nyuma ya kadi ya kamiyo. Mbele ni rangi ya manjano, nyuma ni maisha ya batu: mama ya fulani, chumvi ya fulani, barua ya fulani. Shoferi asubuhi alikuwa anageuza kadi, anasoma, anaitundika tena. Haikuandikwa mu kitabu chochote.

Injinia alijua. Siku moja alinikuta nimeishika.

"Kasereka, kabla hujasogeza kadi, igeuze kwanza. Siku zilizo mbele ni za mradi. Zilizo nyuma ni za watu."

Akaenda kunawa mikono, kama vile hakusema kitu.

Bibi yangu wa ndoa, Masika, alikuwa ku Mbau. Alienda kuangalia mama yake mugonjwa, mama akafa, akabakia kule kumaliza kilio. Mbele ya vita kuanza alianguka na muzigo wa kuni, muguu ukavunjika, ukapona vibaya, ukapinda. Batu bengi balitembea kwa miguu toka Mbau mpaka Beni kukimbia. Masika hangeweza. Mi nilikaa mu chumba cha kupanga mu Butembo, nikila mbele ya kiti chake, niko nahesabia kilio kiishe. Shoferi akaniletea neno lake: kilio kimeisha, vitu vimefungwa, siku ya tano nitakuwa ku barabara. Nikaandika nyuma ya kadi, na ule mwandiko wangu wa primaire: Masika, na furushi moja.

Juma lile Injinia aliitwa na bakubwa bake arudi kwao, juu hali ilikuwa inaharibika. Alitupa mukono mumoja mumoja, akapanda ndege ku Beni. Nafasi yake ikachukuliwa na Shefu wa Shantie, Kakule. Nataja jina lake, na akisoma ajue ni yeye. Kakule alikuwa mutu wa shati nyeupe mu vumbi. Maneno ya Injinia aliyapenda kuliko Injinia mwenyewe. Alitupa dedilaini hata ya kwenda ku choo. Na kule Beni kulikuwa Administrateur wa mradi, mutu mwenye sikujua jina yake mpaka leo, juu alikuja na kurudi ndani ya gari yenye vitre, vioo vyake, zimefungwa. Ule Administrateur alitaka sherehe. Ukuta umefika juu ya madirisha, ni mailstoni, bageni bakuje.

Siku ya ine asubuhi, Kakule akaingia mu biro. Bafundi balikuwa kwenye mulango na chai yao.

"Kasereka, kamiyo ya kesho isogeze mpaka siku ya tano ingine."

"Shefu, na mbao?"

"Mbao ziko na floti ya siku saba. Umesahau masomo ya Mukenya wako? Kamiyo itaenda Musienene kuleta viti na mahema ya kanisa, ku paroisse. Bageni batakaa chini kama mbuzi?"

"Shefu, kule Mbau hali haiko muzuri."

"Hali ilikuwa muzuri lini, mon vieux? Sogeza. Ama nitafute mwingine? Kutosha kartoni ku musumari na kuitia ku musumari ingine, kazi ile hata kuku akifundishwa atafanya."

Bafundi bakacheka. Si kicheko kibaya, ni cha kumupendeza shefu. Hata mi nilicheka kidogo.

Nikashika kadi. Kidole changu kilisikia kreyo upande wa nyuma. Nilisimama mbele ya ule ukuta nilioupiga na mikono yangu, Kakule akiwa karibu yangu kama hapa na mulango, na jina la Masika likiwa katikati yetu, limeangalia mbao. Kama ningegeuza ile kadi, angejua mambo ya abiria. Shoferi angefukuzwa, na batu bengine bote balioandika. Vile njo nilijiambia. Mais ukweli ni kwamba niliogopa kuitwa kuku mara ya pili, na kufukuzwa mi mwenyewe. Nikahesabu misumari saba. Nikaitundika.

Muchana nikatuma barua na mutu mwenye alienda Beni na kinga, baiskeli yake, ampatie yeyote anayeenda Mbau: Masika, usitoke, juma lijalo. Jioni nikamuona anasukuma kinga kurudi. Bariere ilimurudisha. Barua ilikuwa ndani ya kofia yake, imelowa jasho.

Siku ya sherehe bageni balikaa ku viti vya Musienene. Administrateur aliangalia ukuta wa kadi, akasema kwa Kifaransa kwamba ni kazi safi. Kakule akanionesha na kidole: "Ni huyu mutumishi wetu anapanga." Bakanipigia makofi. Mi niko naangalia ule mustari wa mwisho.

Siku ya tatu ya juma lililofuata, habari ikapanda toka Beni: batu ba silaha baliingia Mbau. Siku ya tano kamiyo ikaenda, juu kadi ilisema iende. Nilipanda nyuma bila ruhusa. Kakule hakunizuia, hakuniona.

Jirani yetu Mama Kahindo alikuwa mbele ya nyumba yake, anachagua maharagi kwenye lungo. Alipandisha macho, akayashusha tena ku maharagi.

"Alikaa pale ku barabara siku ya tano tangu jua linapanda," akasema. "Tukamwambia Masika, rudi, kula kidogo. Akatuambia: bwana yangu njo anapanga ile kamiyo, haiwezi kupotea. Alikuwa na furaha ya kutuchokoza. Kesho yake, siku ya posho, akarudi tena pale. Siku ya yenga hata kanisa hakuenda, alisikia kuimba akiwa ku barabara."

"Na kisha?"

"Kisha siku ya pili bale batu bakakuja. Nyumba kwa nyumba. Bakachukua batu ba kubeba mizigo mu pori. Na yeye bakamuchukua."

Akatosha kijiwe kwenye maharagi, akakitupa.

"Ule muguu, Kasereka."

Kisha akaweka lungo chini, akaamuka. Furushi lilikuwa mu nyumba yake, alilichunga. Ndani kulikuwa sufuria mbili, nguo za kilio zimefuliwa, na shati yangu ya zamani ameitia kiraka. Bapasua-mbao bakaniita nisaidie kupakia. Nikapakia. Tulirudi na mbao, kwa siku iliyopangwa, bila kukawia. Asubuhi nikakuta Kakule mwenyewe ameisha kutundika kadi ya kijani, ile ya manjano ameitupa chini; nikaiokota.

Bale ba silaha sitabataja, sikubaona, na kila upande ulisema ni upande ule mwingine. Kakule nilimuona. Administrateur nilimuona. Na musogeza kadi ninamuona kila siku nikinyoa ndevu.

Maternite iliisha. Siku ya hendova, ile ya kutoa funguo, ukuta wote ulikuwa kijani. Kisha nikatumwa Beni, mu commune ya Ruwenzori, kuchunga depot, gala ya sima ya kujengea, miaka mitatu. Shefu wa depot alikuwa mutu mupole. Nilichagua ile posti juu iko karibu na Mbau. Kila siku ya mapumziko nilienda ku barabara pale. Bale balichukuliwa balitoka mu pori mara moja moja, bamekonda, nikabauliza juu ya mwanamuke wa muguu umepinda. Mumoja aliniambia usiulize tena, papa. Kisha nikarudi Butembo ku shantie ya kujenga shule, mipango ikaingia mu ordinateur, kompyuta, na mwenye kuchunga misumari hakuhitajika. Banasema niko mu retraite, nimestaafu. Sijafika miaka makumi tano na tano. Niko na chumba, viti viwili, sufuria mbili za furushi.

Kakule nilikutana naye mwaka uliopita mu Butembo, mbele ya duka yake ya mabati. Alinitambua mbele ya mi kumutambua.

"Eh, muzee wa kadi. Uko?"

"Niko, Shefu."

Nikamuambia. Miaka yote niliitengeneza ile hotuba mu kichwa, ikatoka fupi: kwamba ile kadi ya kamiyo aliyonisogezesha, nyuma yake kulikuwa bibi yangu. Kisha akaniangalia, na uso wake haukukuwa wa kiburi, na ile njo ilinichoma.

"Kasereka, ungesema," akasema. "Viti ningevileta hata na tshukudu ya mbao ya kusukuma. Ungesema tu."

Sijui kama ni kweli. Alikuwa mutu wa kusema hapana. Mais sikumupa nafasi ya kuisema.

Ninyi munaopanga kazi, munaponionesha mipango yenu ku ekran, kioo cha ordinateur, ni mizuri, rangi ni zilezile tatu. Juzi kijana wa jirani alinionesha yake. Nikapeleka mukono nyuma ya ekran, akaniuliza, papa, unatafuta nini kule? Nikamuambia hakuna kitu. Ile kadi ninayo hapa. Nimeipiga musumari ku ukuta, manjano imeangalia ndani, jina limeangalia kiti cha pili.