Kuteremka kwa Fri

Watu wa Busia wakishajua kwamba umeendesha magari ya matajiri, hawakuachi upumue. Kwa kinyozi, kwenye harambee, hata kanisani sadaka ikipita, mtu atakuinamia na kukunong'oneza: "Boss, hebu sema ukweli. Kati ya lile kubwa, la gesi na la stima, lipi tamu?" Mimi hasira zangu ziko karibu, wanajua, lakini wanauliza tu. Nimeyaendesha yote matatu, na moja lilituacha barabarani dada yangu akiwa ndani. Huo utamu niutoe wapi?

Magari yalikuwa ya Madam, mwenye duka la jumla la simiti na mabati. Madereva wake tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Kabla ya hapo shemeji alikuwa ameendesha matrela miaka mingi, Mombasa hadi Malaba. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi kwa Madam ili alale nyumbani kama watu wengine.

Lile kubwa ni raha, siwezi kudanganya. Viti vya ngozi rangi ya maziwa, na kiti chenyewe kina swichi ya kukupasha makalio joto. Joto, Busia hii! Ukipita nalo kando ya foleni ya malori pale Malaba, askari anakupigia saluti kabla hajaona aliyekaa nyuma. Mashimo unayasikia kama habari za watu wengine. Lakini petroli linakunywa kama mlevi aliyealikwa, na ukikwaruza mlango kidogo, wiki nzima hulali.

La gesi lilikuwa pikapu kuukuu ambayo Madam aliifunga mtungi nyuma ya kiti siku bei ya petroli ilipomkera. Mlimani lilichoka haraka, na lilinuka kama jikoni. Mama mmoja wa sokoni niliyembebea mihogo aliniuliza nani anapika humo ndani. Nilimwambia ni mimi, napika ugali na miguu. Alicheka mpaka anashuka.

La stima ndilo lililokuja mwisho. Lilikuwa limetumika ng'ambo kwanza, dogo, jeupe, na Madam alilinunua Eldoret kwa mtu aliyelichoka. Alitutuma mimi na shemeji tukalilete. Mwenye kuuza alilichaji usiku kucha, akatuonyesha mahali pa kuchomeka waya, akatupungia mkono. Hayo ndiyo masomo tuliyopewa.

Nilianza mimi usukani. Ukikanyaga, linaruka bila kusema neno, na ukiachilia, linajishika lenyewe kama mtu amelivuta shati. Kimya chake kilinisumbua. Mbuzi hawakutoki njiani, na watu wa bodaboda wanashtuka umeshawafikia. Shemeji naye hakupenda kule kujishika. "Hii gari inajizuia bure," alisema. "Leta mimi." Tukabadilishana, na tulipofika kwenye mteremko mrefu wa kushuka Webuye akabonyeza gia ikakaa katikati, akalitia fri.

Asiyekuwa dereva wa huku hawezi kuelewa fri ni nini kwetu. Ukifika juu ya mteremko unatoa gia, injini inapumzika, uzito wa gari unakupeleka bure mpaka bondeni. Utingo anafunzwa fri kabla hajafunzwa kuwasha. Polisi wanaikataza, wenye magari wanaikataza, na kila mmoja wetu amewahi kujengea nyumba yake tofali moja au mawili kwa mafuta yaliyookolewa hivyo. Na shemeji kwa kuokoa hakuwa na mwenzake. "Akiba haiozi," ndio ulikuwa wimbo wake. Kipande cha sabuni kikibaki chembamba alikigandisha kwenye kipya. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo. Dada yangu alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Huyu siku ya kufa atazima taa kwanza."

Basi tukateremka kwa fri, breki zikishikilia kazi yote mpaka zikaanza kunuka. Alikuwa amefurahi kweli. Kila mteremko uliofuata, fri. Alinionyesha kwenye dashibodi jinsi gari halitumii kitu. Mimi nilimsifu, maana hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Tulifika Malaba mchana chaji ikiwa imebaki kidogo, tukasema tule kwa dada halafu tulitie chaji kabla ya kwenda Busia.

Dada alikuwa na mimba ya miezi minane. Tulimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, na kanga yake imelowa damu. Jirani mmoja alikuwa amemshika mabega. Aliniambia ilianza ghafla, kwamba ambulensi imepigiwa simu lakini imepeleka mgonjwa mwingine. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Madam alikuwa Nairobi na lile kubwa, pikapu iko gereji Busia. Lakini mlangoni kulikuwa na gari, na hospitali ya Alupe si mbali. Nani angekaa kungoja?

Shemeji aliendesha. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha dada mapajani mwangu. Hatukuwa tumekwenda sana kipicha cha kobe kikawaka kwenye dashibodi, chaji inaisha, na gari likaanza kutambaa. Kobe! Waliotengeneza lile gari walidhani wanatufanyia mzaha. Nilimwona shemeji anasukuma usukani kwa kifua kana kwamba atalisaidia. Kisha likasimama.

Ubaya wa gari lisilo na sauti ni kwamba aliyefumba macho hajui limezima. Dada aliuliza, "Tumefika?"

"Karibu, mama," shemeji alimjibu. "Karibu kabisa."

Gari lililotubeba mwishowe lilikuwa la omena, wale dagaa wa ziwani, linatoka kushusha mzigo wa Sio Port na magunia machache yamebaki. Dereva hakutuuliza hata salamu. Tulimlaza dada juu ya yale magunia, na safari iliyobaki aliimaliza kwa harufu ya samaki. Alupe walimpokea mbio. Walifanya kila wanachojua. Mtoto alitoka mzima, msichana. Mama yake hakuiona jioni ya siku ile. Daktari alituambia bila kututazama kwamba damu ilikuwa imekwisha kwenda, na kwamba angekuwa amefika mapema kidogo pengine tungekuwa tunaongea mengine. Nilichukia neno "pengine" kuanzia hapo.

Matangani watu walisema mapenzi ya Mungu, ajali haina kinga, na yote yale wanayosema. Shemeji hakuwasikiliza. Alikuwa na neno lake moja la kujifariji, na kila aliyeketi naye aliambiwa: "Kama si ile fri, hatungefika hata pale. Niliokoa nilichoweza." Aliwaambia wazee, aliwaambia akina mama wa kanisa. Nami nilikuwa namwitikia, kwa sababu niliamini hivyo.

Mtoto alichukuliwa na mama yangu, kule nyumbani kwetu, ng'ambo ya Alupe.

Miezi ilipita. Madam akaamua kununua magari mengine mawili ya stima ya kusambazia bidhaa, na wauzaji wakamtuma mwalimu kutoka Nairobi, mwanamke kijana mchangamfu aliyevaa ovaroli safi. Alitukusanya uani pa duka, mimi, shemeji, na madereva wapya. Alieleza chaji, alieleza kobe. Kisha akasema: "Na nyinyi madereva wa zamani nawajua. Msinitilie fri kwenye mteremko! Likiwa kwenye gia, linapojishika ndipo linajichaji. Mteremko ndio stesheni yenu ya bure. Ukitia fri, breki zinakula hiyo chaji yote."

Wale wapya walicheka. Sikumtazama shemeji, lakini nilisikia sauti yake, ya adabu kabisa, kama mwanafunzi.

"Mwalimu, samahani. Mtu akitoka Eldoret, akateremka Webuye yote kwa gia. Malaba angefika na chaji ya kufika wapi?"

Mwalimu hakujua anaulizwa nini. Alitabasamu, akafikiri. "Ni mrefu ule. Angetoka Malaba mpaka Busia, pengine arudi."

"Asante, mwalimu," shemeji alisema.

Hakuniaga. Nilipomkosa uani nilijua ameenda wapi, nikachukua bodaboda nikamfuata nyumbani kwa mama. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata mvua inyeshe ya mawe. Hamshiki mkono, hali mbele yake. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akisalimia akiwa amesimama uani. Siku hiyo nilimkuta ndani ya jiko, amechuchumaa karibu na mafiga, na mama amesimama na mtoto mgongoni, hajui aanzie wapi.

"Ni mimi, mama," alikuwa anasema. "Niliipoteza njiani chaji ya kumfikisha. Nilidhani naweka akiba."

Mama alinigeukia. Yeye ya magari hayajui, lakini mimi ni mwanawe na ni dereva. "Ni kweli anachosema?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwangalia shemeji, naye alikuwa ananingoja kuliko hata mama. Nikasema, "Ni kweli."

Mama akampigapiga mtoto mgongoni ingawa hakuwa analia. Kisha akamwambia shemeji atoke, jikoni si mahali pake. Hakumfokea. Akanituma nimpelekee kiti uani, mkwe hasimamishwi. Nilimpelekea. Alikaa, mikono juu ya magoti, macho chini.

Niliporudi ndani mama alikuwa anapuliza moto, na moshi ulimpa sababu ya kujifuta macho.

"Alipokuja kuposa," aliniambia, "mimi nilitaka kumkatalia, kwa vile madereva ni watu wa njiani. Nikauliza watu. Wote wakaniambia huyu hatupi kitu, huyu anatunza." Alinyoosha mgongo, akamvuta mtoto juu kidogo. "Nikamwambia dada yako, basi nenda na huyo."