Wimbi la Marcellin

Padri wa hesabu pale misheni ya Kasongo alikuwa hawezi kupita karibu na kitu bila kukigonga. Mtungi, dawati, hata kichwa cha mwanafunzi: atakigonga kwa kifundo cha kidole cheupe kwa chaki, atege sikio, kisha aulize, "Iko mawimbi ngapi ndani?" Kila sauti, alisema, ni mawimbi mepesi yaliyojumlishwa, na hesabu ya Fourier ndiyo inayoyatenganisha.

Marcellin aliona hayo ni mambo ya ubaoni tu. Kwenye kwaya alikuwa akifumbua mdomo bila kutoa sauti. Alichotaka ni safari ya kwaya kwenda Kabambare kwenye kamio, lile lori la mapadri. Jumatatu moja, chini ya picha ya mfalme wa Ubelgiji, padri akachora wimbi lenye vilima vya ajabu. "Hii ni kwaya yenu ya jana." Akaanza kulichambua, mwimbaji mmoja mmoja: wimbi refu la polepole, "Roger", dogo la harakaharaka, "Emile". Darasa likacheka, Marcellin kuliko wote. Mwisho akachora mstari ulionyooka, ubao mzima, akaugonga.

"Na huyu ni nani, mon père?" Marcellin aliuliza.

"Huyu ni weye. Tukikutoa, kwaya inabaki ileile, na kamio inapata nafasi."