Simu Zipokelewe Nje

Mimi ni fundi cherehani, na ukutani nimebandika karatasi: SIMU ZIPOKELEWE NJE. Watu wakibwata humu ndani uzi hunikatikia, na uvumilivu pia. Hata mama mkwe niliwahi kumtoa na jua lote lile. Mwezi mzima hakuitikia salamu yangu.

Juzi duka limejaa wateja, akanipigia simu dada yangu, anayenikatia vitambaa nyumbani. Alikuwa amepoteza vipimo vya gauni la mwalimu mkuu. Mtandao ulikuwa unakatakata, nami mwenye sheria nikajisahau palepale kitini.

“Kiuno inchi arobaini na nane! Siyo thelathini, dada, utamnyonga mwenzio! Arobaini! Na nane! Ndiyo, gauni la mwalimu mkuu!”

Nilipokata simu ndipo nikageuka. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameketi chini ya karatasi yangu, amekuja kuulizia gauni lake. Akainuka taratibu, akanivua futi ya kupimia shingoni, akainyoosha mbele ya mdomo wangu, kisha akawatangazia wateja kwa sauti ya darasani:

“Andikeni. Futi imeisha, mdomo bado.”