Mwaka wangu wa kwanza wa uchoraji: nilivyochora kijiji kizima mikono mfukoni

Wakuu, heshima kwenu. Wanaostahili shikamoo nawapa, nyie wengine nasubiri ya kwangu.

Juzi nimeona uzi wa kijana wa first year wa uchoraji. Kaweka picha aliyochora alipoanza chuo na nyingine ya juzi, akaandika "tazameni nilipotoka". Likes kibao.

Nikasema na mimi nieleze nilipotoka, maana nami nimewahi kuwa first year. Sumbawanga, miaka ya sabini, enzi za Ujamaa.

Nitakayosema ni kweli tupu, sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe wakati ule tuliipangia foleni, siwezi kuichezea.

Serikali ilikuwa imeamua kila mtu mzima ajue kusoma, na vitabu vya kisomo vilihitaji picha. Pale mjini kikafunguliwa chuo kidogo cha kufundisha vijana kuchora picha za vitabu na mabango. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nachora ng'ombe kwenye kuta za shule, na mwalimu mkuu alitaka kuta zake zipumzike.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa kijijini, upande wa Kaengesa, analima mahindi na ulezi. Kanisani aliwaambia watu mwanawe anasomea kazi ya serikali. Neno kuchora hakulitaja, aliona litamharibia.

Mwalimu wetu tulimwita Mzee Rangi, kwa sababu alikuwa na koti moja na lilikuwa na rangi zote. Kitabu chake kilisema kifutio kizuri cha picha ya mkaa ni kipande cha mkate. Wakuu, mkate! Kipande ukikipata unafutia picha au unakula? Tulifutia kidole.

Sasa tatizo langu. Sikujua kuchora mikono.

Ng'ombe hana vidole, ndiyo maana tulielewana. Lakini mkono wa mtu ulinishinda kabisa. Nikichora vidole vinatoka vinene kama mihogo, na kidole gumba kinakaa upande ambao Mungu hakukipanga.

Mtu mwenye akili angefanya mazoezi. Mimi nikatafuta njia ya mkato. Mwanamke nikimchora, mikono iko nyuma. Mwalimu, iko chini ya meza. Mkulima, namzamisha kwenye nyasi mpaka kiunoni. Waliobaki wote, mikono mfukoni.

Nikawa bingwa wa mifuko. Mifuko yangu ilikuwa na mikunjo, kivuli, mpaka kifungo. Mifuko kama ile sijaiona tena.

Siku moja Mzee Rangi akasimama nyuma yangu. "Hawa watu wako mikono wameiacha nyumbani?"

"Ni baridi, mwalimu," nikamjibu.

Aliyewahi kukaa Sumbawanga mwezi wa sita anajua hilo ni jibu kamili. Mzee Rangi alifunga koti lake akaenda zake.

Basi kijiji chetu kikaomba bango la Kilimo cha Pamoja kwa ajili ya siku ya wakulima. Nikapewa mimi kwa kuwa ndiko nyumbani.

Nikaweka ufundi wangu wote. Shamba la kijiji, matuta yetu ya mviringo ya Kifipa, jua linachomoza, pembeni trekta ambalo tuliahidiwa na hatukuwahi kuliona. Na katikati wananchi wote wamesimama na makoti mazito, mikono mfukoni. Majembe nimeyalaza pembeni, kwa sababu jembe linashikwa na mkono, na mkono ndiyo hivyo tena.

Niliona nimeua. Bango likapakiwa kwenye lori la mahindi, likatangulia kijijini.

Mimi nikafuata likizo ilipofika. Nyumbani hakukuwa na la kufanya (kulikuwa na kuni za kukata, lakini nasema la kufanya), nikakaa jikoni kumwangalia mama akisaga ulezi kwenye jiwe.

Mama alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda. Alijikata kwa mundu nikiwa mdogo, kikapona vibaya. Nikaokota kipande cha mkaa nikaanza kuuchora ule mkono nyuma ya mlango. Nikafuta, nikachora. Nikafuta, nikachora. Likizo karibu yote ikaishia hapo.

Nisiwafiche, wakuu. Nilikuwa nimeishi na yule mama miaka yote, lakini ndiyo kwanza nilikuwa namwona. Nilisikia aibu na furaha kwa pamoja. Mama yeye alilalamikia mlango.

Zikiwa zimebaki siku chache sherehe ifike, nikaitwa shuleni. Nikakuta wanakijiji wamejaa darasani, bango langu limetundikwa ukutani. Mbele kakaa katibu wa kata, bwana mmoja wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu, ambaye kicheko chake kilikuwa hakijahamishwa.

"Ndugu msanii," akasema, "umetuchora wananchi shambani mikono mfukoni. Unataka kutuambia nini?"

"Ni baridi, ndugu katibu."

"Kwenye shamba la ujamaa kuna baridi?"

Pembeni nikamwona mwenyekiti wa kijiji akitoa mikono yake mfukoni taratibu.

Katibu akasema hii ni kejeli kwa Ujamaa, ataandika chuoni niondolewe. Tena akauliza mzazi wa kijana ni nani. Mama akasimama. Alisimama vile mbele ya watu wa kanisani kwake, wale aliowaambia nasomea kazi ya serikali.

Nikaona bora nionekane mjinga kuliko mpinga maendeleo. Nikasema kwa sauti, "Ndugu katibu, sijui kuchora mikono. Huo ndio ukweli wote."

"Mchoraji asiyejua mikono?" Akanipa chaki. "Chora tuone."

Mpango wangu ulikuwa rahisi: nichore ile mihogo yangu, watu wacheke, niende nyumbani.

Wakuu, haikutoka. Nilijitahidi kuharibu nikashindwa. Gumba nilipolisukuma upande wa Shetani, chaki ililirudisha upande wa Mungu. Nilipomaliza, ubaoni kulikuwa na mkono mzima unaosaga, na kidole cha shahada kimepinda.

Ndivyo nilivyogundua nimeendelea. Wenzangu mnapewa cheti, mimi nilijua hivyo nikiwa mshtakiwa.

"Kumbe unajua," katibu akasema polepole.

Aliyejibu ni mama, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Ndugu katibu, mkono huo ni wangu." Akaunyanyua watu wauone. "Bango alichora kabla hajaja likizo. Mikono amejifunzia jikoni kwangu, na mlango wangu ameumaliza kwa mkaa, hata kuni hakunikatia. Kama kuna aliyekosewa hapa ni mimi, na mimi nimemsamehe."

Darasa likaangua kicheko. Katibu alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Akaamuru bango lirekebishwe: kila mwananchi apewe mikono na jembe kabla mgeni rasmi kutoka mkoani hajafika.

Nikawapa wote. Tatizo ni kwamba mkono niliokuwa naujua ulikuwa mmoja tu. Kwa hiyo kijiji kizima, pamoja na mwenyekiti, kikapata kidole kilichopinda.

Mgeni alilisogelea bango. Akamuuliza katibu kama hapa kuna ugonjwa wa vidole.

Nilirudi chuoni, nikaingia mwaka wa pili, na kazi hii imenilisha maisha yote. Baadaye mama aliwaambia kanisani kwamba mwanawe ni mchoraji. Hatuna picha yake ya kamera hata moja. Mlango ninao.

Somo, kijana wa ule uzi: usipime maendeleo yako kwa picha nzuri uliyochora. Jaribu kuchora vibaya kama zamani. Ukishindwa, umefika mahali.

Mimi nimeanza kurudi nilikotoka. Mikono inatetemeka siku hizi, haitaki kunitii. Mwezi uliopita mjukuu aliniomba nichore familia yetu. Nikatuchora wote, mikono mfukoni.

Akaniuliza, "Babu, tunasikia baridi?"

Nikamwambia ndiyo.

Haya, nyie ambao mikono bado inawatii, andikeni hapo chini. Nasoma.