Walisema Nimetakata

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumiminika kupitia mpaka wa Tunduma, nilikuwa nauza sabuni na krimu za kujipaka sokoni Sumbawanga. Nyuma kidogo tu tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni ya kufulia. Sasa mwanamke anasimama mbele ya meza yangu, ananusa sabuni tano, anazirudisha zote anakwenda zake. Nilikuwa na ulimi wa kumrudisha mteja wa namna hiyo, na nilijivunia.

Kisha mawe kwenye mfuko wa nyongo yakaanza kunitesa. Nikila chochote chenye mafuta, maumivu yananishika chini ya mbavu za kulia mpaka natapika. Hospitali, ambayo sitaitaja, wakanipasua wakautoa mfuko wenyewe, na daktari akasema kazi imekwenda vizuri. Walipotoa nyuzi nilirudi nyumbani, na wiki ileile nikaenda kukaa kwenye meza yangu. Nilikuwa sina mume, nina binti wa darasa la nne. Nani angekwenda badala yangu?

Mteja wa kwanza kuniona alipiga makofi. "Jamani shoga, umetakata! Ulikwenda hospitali au saluni?"

Nilicheka huku nimeshika mshono. Wa pili akasema vilevile. Muuza vitenge wa meza ya jirani akanisogelea, akanibembeleza nimtajie sabuni ninayotumia, eti hatamwambia mtu. Nami, Mungu anisamehe, nikamwonyesha ile iliyokuwa hainunuliki. Kabla ya Ijumaa katoni ilikuwa imekwisha.

Mwili ulikuwa unaniwasha viganja, nyayo na mgongo. Nilijikuna kwa kitana mpaka ngozi ikachubuka. Nikasema ni krimu, maana zile krimu huwasha, na kweli nilikuwa nimejipaka kidogo ili nisiwe mwongo kabisa. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nikasema ni dawa za hospitali. Choo nacho kikawa cheupe kama udongo wa kupakia ukuta. Hilo sikuwa na la kulisingizia. Niliogopa, na nikaona afadhali nibaki na sifa za sokoni.

Mama yangu akaja kutoka Msanzi na unga wa ulezi, akidhani atanikuta kitandani. Aliposhukia sokoni walimsimulia sabuni iliyonitakatisha, na nyumbani akanikuta uani nafua. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Hebu njoo hapa kwenye jua."

Akanishika kidevu, akavuta chini ngozi ya jicho kwa kidole gumba. Akatazama la kulia, akatazama la kushoto.

"Mwanangu, kwani hiyo sabuni mnapaka na machoni?"

Nilikimbilia kioo. Macho yangu yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Nikakaa chini palepale.

Nilirudi hospitali, nikapewa barua ya kwenda kwa mabingwa Mbeya. Asubuhi ya safari binti yangu aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia Jumapili, na sikujua Jumapili gani. Ndani ya basi nilitetemeka kwa homa njia nzima, mama ameniegemeza, vumbi limetujaa mdomoni. Sikusali. Nilikuwa nahesabu ndugu ambao wangeweza kumlea yule mtoto, na kila niliyemfikiria nilimwona ana kasoro.

Daktari wa kule alinichorea nyuma ya karatasi. Kuna mrija mdogo unaotoka kwenye mfuko, ndio wa kufungwa na kukatwa. Kuna na mkubwa, unaopeleka nyongo kutoka ini hadi utumbo, na huo hauguswi. Mimi walikuwa wameufunga mkubwa. Nyongo imekosa njia, inarudi kwenye damu.

"Walifanya makusudi?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Ni bahati mbaya. Pale ndani ni pafinyu, na uvimbe unaficha mirija." Akakunja karatasi. "Lakini ungekaa nyumbani wiki nyingine mbili..."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, hofu ilikuwa imechukua nafasi yote. Walinipasua tena, wakauunganisha utumbo na kile kilichobaki cha mrija. Siku ya kuniruhusu yule daktari aliniambia panaweza kuziba tena, mwaka wowote, kwa hiyo niwe naangalia macho. Nilipofika nyumbani nilimfundisha binti yangu kuyaangalia, kwenye jua, kama bibi yake alivyofanya.

Juzijuzi nimemwoza. Ukumbini, mchana, nimekaa na gauni langu jipya, mama mmoja wa upande wa bwana harusi akaja kunipa mkono huku anacheka. "Mama mkwe, mbona umetakata hivyo!"

Niliinuka, nikapita katikati ya wageni, nikamshika bibi harusi mkono na kumvuta nje na shela lake. Watu walidhani kuna ugomvi. Yeye alinigeuza uso kuelekea jua, akavuta chini ngozi ya jicho kwa kidole chenye ukucha wa rangi, akatazama la kulia, akatazama la kushoto.

"Meupe, mama."

Nikamwambia atazame tena.