Oili Nyekundu kwa Safari ya Mama

Gari langu lilianza kukataa kwenda wiki ile ile mama alipoanza kukunja nguo za safari. Nasema kukataa kwa sababu sijui neno jingine. Ukitia gia, lilitulia kwanza kama mtu aliyeulizwa swali asilolipenda, kisha likaruka mbele kwa kishindo, na abiria wangu wa nyuma akainua macho kutoka kwenye simu. Mimi ni dereva wa teksi zile za kuitwa kwa simu. Naishi na mama katika ghorofa moja ya mtaa wa Pipeline ambako jirani akikaanga vitunguu, wewe ndiye unayepiga chafya. Gari hilo ndilo linalotulisha, lakini siku hizo sikuwaza abiria. Niliwaza Kitui.

Kitui yuko mama mkubwa, dada yake mama, ndugu pekee aliyembakia katika watoto wote wa nyanya. Macho yake yamekwisha kabisa. Mama naye aliteleza kwenye ngazi za ghorofa letu akavunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kukaa kwenye basi hata kutoka hapa hadi mjini. Kwa hiyo miaka mingi ndugu hao wawili wamekuwa na simu tu. Kila jioni wanaongea kuhusu kuku, mvua na nani amejifungua, halafu wananyamaza kidogo, na mimi nikiwa jikoni najua kabisa wote wawili wanafikiria nini. Hakuna anayesema kwamba wakati unayoyoma. Nilichoka kusikia ule ukimya. Nikamwambia mama kwamba Pasaka hii nitampeleka mwenyewe, atalaza kiti cha mbele apendavyo, na tutasimama kila nyonga itakapodai. Siku hiyo hiyo alitoka na fimbo yake akaenda kununua sukari, majani ya chai na leso mbili za dada yake.

Ndipo gari likaanza vituko vyake.

Nilianza kwa fundi wa karibu, jirani anayetengeneza magari kando ya barabara chini ya ghorofa letu. Ni mtu mzuri, na breki zangu amezishughulikia vizuri siku zote. Aliingia, akaliendesha hadi kwenye kona na kurudi, akashuka akitikisa kichwa.

"Sistee, hii ni gearbox ya auto na imezeeka," alisema. "Oil yake usiguse. Ukitoa ile imezoea, inakufa hapo hapo. Nimeona mob, nyingi sana."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Endesha tu pole pole mpaka ikatae kabisa."

Nilimshukuru kwa meno tu. Ushauri gani huo, wa kusindikiza kitu hadi kaburini? Lakini sikuweza kumcheka, kwa sababu nusu ya madereva ninaowajua wanaamini hivyo hivyo. Oili ya giaboksi kwao ni kama mke wa mtu, haiguswi. Nilipanda ngazi nikamweleza mama yote, na nikaongeza kwa hasira kwamba safari labda tuisahau. Hakubishana. Aliingia chumbani akafunga mlango, nikamsikia akiomba, na katika maombi nikasikia gari langu likitajwa kwa namba zake za usajili.

Mama ni mtu wa kanisa kwelikweli. Nilipolinunua lile gari, mchungaji aliletwa hadi kwenye maegesho, akaomba kwa sauti huku walinzi wakisema amina, akapaka boneti na usukani mafuta ya baraka. Hilo si jambo la ajabu kwetu. Gari lisiloombewa, watu wa ukoo wangu hawapandi.

Abiria mmoja ndiye aliyeniambia kuhusu gereji moja ya mtaa wa Fedha yenye mashine ya kubadilishia oili ya giaboksi. Nilipiga simu, nikapewa nafasi Alhamisi asubuhi, na mama akasema tunakwenda wote. Anakwenda kufanya nini? Kulinda. Eastlands nzima inajua kwamba gari halibaki peke yake kwa fundi. Ukienda zako kunywa chai, unaweza kurudi ukakuta gari ni lako lakini betri ni ya mtu mwingine. Basi kila familia hutoa mlinzi, na mlinzi huyo hukaa kwenye kiti cha plastiki na kuangalia kila spana inakoingia. Kwa kazi hiyo mama hana mpinzani. Amewahi kumfanya fundi wa friji ahesabu skrubu mbele yake.

Mwenye gereji alikuwa mtu wa Pwani, mwenye kofia ya kushonwa na ovaroli safi kuliko shati langu. Alimwendea mama kwanza kabla hata ya kulitazama gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, na hapo hapo nikaona ulinzi umelegea. Shikamoo haisikiki sana mitaa yetu. Akakaa, mkoba mapajani, fimbo pembeni.

Mashine yenyewe ilikuwa na kimo cha friji ndogo, ina magurudumu, mabomba mawili meusi, na mirija miwili ya kioo iliyosimama kifuani mwake. Nilimtajia safari ya Kitui, naye mwenye gereji akanieleza bila haraka. Mrija mmoja unaonyesha oili ya zamani inapotoka, mwingine unaonyesha mpya inapoingia. Kinachotoka na kinachoingia ni kiasi kile kile, kwa hiyo giaboksi haibaki kavu hata kidogo wakati injini inanguruma.

"Ila kwanza nitafungua chini nitazame," alisema. "Pale ndani pana sumaku zinazokamata chuma. Nikikuta unga laini, huo ni uchakavu wa kawaida, tutasafisha na kuendelea. Nikikuta vipande, nitakwambia kweli, dada yangu. Gari hili lisiende Kitui."

Mama alisikia. Niliona vidole vyake vikikaza mkoba.

Mwenye gereji alichomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakaa nacho kwenye mwanga kwa muda.

"Nani ameongeza oili humu?"

"Hakuna," nilisema.

"Imepita alama mbali sana. Na ina povu. Ikijaa hivi, vyuma huichapa kama mayai, na giaboksi haiwezi kushika povu. Ndiyo maana linaruka."

Niliwaka. Nilisema mimi si mjinga, sijawahi kuongeza tone, na kama kuna mtu amefanya mchezo, namjua ni nani. Picha ya jirani yetu fundi ilinijia wazi, akiwa ndani ya gari langu hadi kwenye kona na kurudi. Kwamba vituko vilianza kabla ya yeye kuligusa, hilo halikunipitia kichwani. Hasira zangu huwa hazina kalenda.

Gari likapandishwa juu. Akafungua kifuniko cha chini, oili ikamwagika kwenye beseni, nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Akachukua sumaku moja, akaipitishia kidole, akatunyooshea mkono ili tuone. Unga tu, laini kama wanja. Akachukua nyingine. Unga. Ya mwisho aliipangusa kwa kitambaa cheupe na kukiinamia kwa makini.

"Alhamdulillahi," alisema. "Vyuma ni vizima."

Alitia chujio jipya, akafunga, akajaza, akaunganisha yale mabomba ya mashine kwenye njia ya kupoza oili, akaniambia niwashe. Oili ya zamani ikapanda kwenye mrija wa kwanza, ya kahawia, imejaa viputo. Akafungua kidogo, akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena. Akamwita fundi mwenzake naye akanusa.

"Hii inanukia jikoni," alisema yule wa pili. "Si ni kama salad oil?"

"Ni yeye tu," nilisema, nikikunja mikono ya shati tayari. "Ni yule jirani. Ametia mafuta ya kupikia ili giaboksi ife aonekane alisema kweli. Leo nitamshika masikio mbele ya wateja wake."

Mama akakohoa.

"Usimguse mtoto wa watu," alisema. Alikuwa akiangalia sakafu. "Ni mimi."

Fundi wa pili akaacha kunusa kidole.

"Wewe ulifanya nini, mama?"

"Ni yale ya kanisani. Ya baraka. Mchungaji alipaka nje tu, na wewe mwenyewe uliniambia giaboksi ndiyo inayolisukuma gari. Nikaona nje peke yake haitoshi. Ulikuwa ukipima oili kwa kile kijiti, nikaona mahali."

"Mara moja?"

"Kila nikitoka ibada. Kidogo tu, kwa ile chupa yenye mdomo mwembamba." Akasita. "Lilipoanza kuruka nikaongeza kidogo zaidi."

Nilimwona akilini akishuka ngazi za Pipeline na fimbo yake, na nyonga ile, Jumapili baada ya Jumapili, akimkabidhi mlinzi wa maegesho funguo zangu amwinulie boneti. Na mlinzi, amina zake zikiwa bado mdomoni, anamwinulia. Hasira ilinijaa hadi kooni, na ilipofika hapo ikageuka kicheko. Nilijaribu kukizuia. Yule fundi wa pili alikuwa amejificha nyuma ya tairi, mabega yanatikisika.

Lakini mama hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Nimeizuia safari yangu mwenyewe?"

Mwenye gereji alifuta mikono, akachuchumaa mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Mama, hujaua kitu. Dua yako imefika, imezidi kipimo tu. Sasa inuka uje uone."

Akamshika mkono hadi kwenye mashine. Tulisimama hapo sote. Mrija wa kwanza ulikuwa kahawia, ukawa kahawia mwepesi, viputo vikapungua. Kisha wekundu ukaingia kwa chini, kama aibu usoni mwa mtu, ukapanda polepole, hadi mirija yote miwili ikawa na rangi moja, nyekundu angavu kama sharubati ya harusi. Huwezi kujua ipi inatoka na ipi inaingia. Mama alipiga makofi. Naam, mama yangu, aliyemhesabisha fundi skrubu, alipigia mashine makofi, na mafundi wakapiga naye. Nilifurahi kipumbavu kabisa. Nilitaka kumkumbatia mtu yeyote aliye karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa fundi aliyejaa grisi, nikamkumbatia.

Tulikwenda kulijaribu, mwenye gereji ubavuni mwangu na mama nyuma, kwa sababu alikataa kubaki. Nilitia gia nikisubiri kile kishindo. Hakikuja. Gari liliondoka taratibu, likapokea gia moja baada ya nyingine bila kunijulisha. Tulizunguka Fedha, tukatoka hadi barabara kubwa, tukarudi. Mwenye gereji akapima oili ikiwa moto, akasoma joto kwenye kifaa chake, akakirudisha kile kijiti mahali pake.

"Hapa pasifunguliwe na mtu mwingine," alisema, akimtazama mama kwa heshima zote.

"Hata mchungaji," mama aliahidi.

Nikamfungulia mlango ahamie mbele turudi nyumbani. Alihama, akafunga mkanda, akalaza kiti.

"Twende," alisema.

"Pipeline?"

"Kwa dada yangu. Gari limepona na mimi nimeshakaa. Nikipanda zile ngazi leo, kesho nitazishuka na nini?"

Nilimwambia hatuna nguo, hatuna zawadi, hatuna chochote. Akanyoosha kidole nyuma. Nilifungua buti, nikakuta begi lake, sukari, majani ya chai, leso, na sweta yangu imekunjwa juu yake. Alikuwa amemtuma yule mlinzi wa maegesho ayatie asubuhi nilipokuwa naoga. Nilisimama nikiangalia ile sweta. Huyu mtu alikuja gereji akijua moyoni kwamba yeye ndiye aliyelijaza gari mafuta, na bado akafunga mizigo.

Tulifika jua likiwa bado juu ya milima. Mama mkubwa alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kwenye mkeka, akiambua mbaazi ndani ya ungo. Hatukuwa tumempigia simu. Alisikia gari, akageuza uso, akauliza ni nani. Nilitaka kujibu, mama akanizuia kwa mkono. Alikwenda na fimbo yake polepole, akajishusha kwenye mkeka kwa shida, akanyoosha mguu wa nyonga mbovu, akachukua mbaazi kwenye ungo ule ule akaanza kuambua.

Mama mkubwa alisikiliza yale maganda yakipasuka. Akaacha yake. Akautafuta ule mkono, akaupapasa kuanzia kiganjani hadi begani, kisha akapanda na vidole usoni, kwenye kidevu, kwenye mashavu yaliyoanza kulowa, kwenye mikunjo ya macho ambayo haikuwako mara ya mwisho alipoweza kuona.

"Jamani," alisema. "Umepata uso wa mama."

"Na wewe pia," mama akamwambia, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mbaazi zikimwagika mkekani. Mimi nililia nikiwa nimeegemea mlango wa gari, na sikumbuki siku nyingine niliyowahi kuwa na furaha kama hiyo.