Chumvi Kwenye Mayai ya Nyoka

Mimi sikusoma. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu wa kike, na nimemwagiza asiongeze lolote wala asipunguze, hata pale patakapomuuma.

Nyoka ni wake. Ni nyoka wa kahawia asiye na sumu, anayekula panya. Alimleta hapa Bwera ndani ya ndoo yenye kifuniko, nami nikatamka kwamba kiumbe huyo hatalala chini ya bati langu. Baada ya mwezi mmoja panya walikuwa wamehama ghala la mahindi, na nikaacha kutamka.

Kisha nyoka akataga mayai tisa, uzao wake wa kwanza. Mjukuu wangu aliyafukia hadi nusu ya kimo katika karai la maganda ya kahawa yenye unyevu, akaliweka nyuma ya jiko penye joto, akarudi chuoni Kasese. Maagizo yalikuwa mafupi: nisiyageuze, nisiyaache yakauke, nisubiri miezi miwili.

Mimi, ambaye wajukuu hawathubutu kucheka mbele ya sahani yangu, niliyatazama mayai yale kabla ya kusali. Nilitoka kanisani kabla ya baraka. Jirani alinikuta nimepiga magoti nikiyahesabu kwa ngumi, kwa kuwa kwetu kitu kichanga hakioneshwi kidole, kisije kikaoza. Akauliza nimepoteza nini. Nilimjibu kwamba natarajia wageni, halafu nikacheka hadi kofia ikaangukia majivu.

Wiki ya nane nikaona sisimizi wawili kwenye ukingo wa karai. Mtu mwingine angemwaga majivu. Lakini mimi nilikata chumvi kwenye ziwa la Katwe ujana wangu wote, na hakuna jambo ambalo sijalitibu kwa chumvi: nyama, jino, kidonda, ng'ombe aliyekataa kula. Nikazungushia viganja viwili vya chumvi ndani ya karai. Asubuhi ya tatu mayai yalikuwa yamebonyea kama mashavu yangu mwenyewe.

Niliichota chumvi kwa kijiko. Nikampigia simu mjukuu wangu aje, bila kumwambia sababu. Kwa siku mbili sikumkemea mtu yeyote, na nyumba nzima ikadhani naumwa.

Alifika Jumamosi, akainama juu ya karai. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa niungame.

"Babu, nyamaza kidogo," akasema. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. "Yakikaribia kupasuka hubonyea hivi. Tazama lile la pembeni."

Ganda lilikuwa limechanika kama kwa wembe, na katika mchano ule ikatokeza pua ndogo, ikatulia, ikatutazama. Nilimshika mjukuu wangu mkono, tukaruka. Naam, mimi niliruka, hadi masufuria yakalia. Kufikia kesho yake walikuwa wanane. Yai la tisa, upande niliomwagia chumvi nyingi, halikufunguka. Alisema uzao wa kwanza huwa hivyo. Nikaitikia kwamba ndiyo, huwa hivyo.

Hapa kalamu yake imesimama. Nimemwambia aandike, kosa ni langu.

"Babu," amesema, "maganda yale ya kahawa niliyamwaga kwenye mchicha, na mchicha wote ukakauka kwa chumvi. Nilijua tangu mwezi ule. Nilikuwa nangoja useme."

Sasa anacheka mbele ya sahani yangu, ugali unapoa, nami simkemei.